Uzi wa Cherehani

3 Februari

Mpwa wangu Cherehani,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Sisi wazima. Mkazamjomba wako ameshona sare za shule tangu Desemba, mpaka sasa akiona mtoto njiani anampima mabega kwa macho. Paa la chumba cha mbele limeacha kuvuja, au tuseme mvua imeacha kunyesha, ukweli tutaujua ikirudi. Msalimie sana dada yangu hapo kwako. Mwambie goti lisimtishe, magoti ya ukoo wetu yana kelele nyingi lakini hayaangushi mtu.

Najua utauliza kwa nini nisipige simu. Simu na mimi hatuelewani. Miaka thelathini nimesimama kando ya mpiga ngoma, sikio la upande wake limebaki pambo. Mtu akinipigia nasikia ile "halo" ya kwanza, yanayofuata nakisia. Barua hainilazimishi kukisia.

Sasa hoja yenyewe. Nina mwanafunzi. Ananisumbua, anataka nyuzi nyembamba za gitaa la umeme, anasema zangu zinamshinda. Nimemwambia nyuzi ni namba kumi na mbili, chini ya hapo ni uzi wa cherehani, unajua mwenyewe ninavyosema. Hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Wewe huko karakana unashika nyuzi za kila aina kutwa nzima. Hebu mchagulie zinazomfaa mtu mwenye mkono dhaifu kidogo. Si dhaifu sana. Tuma kwa basi, karani wa vifurushi pale stendi ananifahamu.

Ufanye haraka. Kiongozi wetu wa bendi, yule mpiga saksafoni, ameamua kwamba mwezi wa Juni tufanye onyesho kubwa la kutimiza miaka thelathini. Tutafungua kwa wimbo wetu ule ule, ambao bila solo yangu ni watu wamesimama jukwaani tu. Kwa hiyo nina kazi nyingi, na huyu mwanafunzi ananipotezea muda.

Mjomba wako.


17 Februari

Shikamoo Mjomba,

Barua imefika, tumeisoma kwa sauti mezani. Mama anakusalimu. Anasema magoti ya ukoo wenu hayaangushi mtu kwa sababu wenyewe hamwinuki kitini. Nyumbani hatujambo. Kazi ipo, wiki hii nimeunganisha shingo mbili za gitaa zilizovunjika, moja ilikaliwa na mwenyewe na nyingine ilikaliwa na mkwewe, na mimi nasikiliza kesi zote mbili huku gundi inakauka.

Kuhusu nyuzi. Seti huitwa kwa unene wa uzi wake mwembamba kuliko zote. Kumi na mbili, unisamehe Mjomba, ni kamba ya kufungia ng'ombe. Kumi ndiyo inayochukuliwa na wengi. Tisa ni laini, ukigusa tu inaitika. Kuna nane pia, lakini hizo ni za watu wanaopiga kwa pumzi.

Mtu asitoke kumi na mbili kwenda tisa kwa siku moja, maana gitaa lenyewe hushtuka. Shingo ilizoea kuvutwa kwa nguvu. Ukipunguza mvuto inajirudisha nyuma, na nyuzi zinaanza kukwaruza vyuma vya karibu na kichwa. Kwa hiyo nimetuma seti mbili: ya kumi aanze nayo wiki mbili, kisha ya tisa. Nimeweka na kifunguo cha ule ufito wa chuma uliomo ndani ya shingo. Zikikwaruza, legeza robo mzunguko, acha mpaka kesho yake, ndipo usikilize. Usizungushe kwa hasira.

Sasa nijibu haya. Huyo mwanafunzi ana umri gani? Vidole gani vinamsumbua? Ni ncha zinazouma, au ni vidole vyenyewe vinavyochelewa kufika? Hayo ni maradhi mawili tofauti, na nyuzi nyembamba zinasaidia zaidi moja.

Halafu mwandiko wako umelala ubavu. Nakumbuka wewe ni wa mashoto, unaandika kwa mkono ule ule unaobana nyuzi. Nikasema labda meza ilikuwa inacheza.

Mwambie mwanafunzi wako ana bahati. Kuna wengine waliwahi kuzitaka nyuzi hizo hizo. Basi, tuyaache.

Mpwa wako.


19 Machi

Mpwa wangu Cherehani,

Usinione kimya. Tulikuwa na wageni, kisha mkazamjomba wako akashikwa na mafua, kisha nikashikwa mimi, na mtu mwenye mafua hana cha kumwandikia mwenzake. Sasa tumepona. Meza haichezi. Ni kalamu, wino wake una tabia mbaya.

Kifurushi kilifika salama. Karani wa stendi alikitikisa sikioni akauliza kama ni vidonge. Mwanafunzi alifunga zile za kumi, na hazikumaliza hata wiki, maana alikuwa na haraka, akaruka kwenye tisa. Nyuzi zikakwaruza kama ulivyosema. Akalegeza robo, akalala, asubuhi pametulia. Kwa hilo nakuvulia kofia.

Lakini nyuzi zako ni mbovu! Sikiliza. Nilimpa mwanafunzi nafasi ajaribu kidogo na bendi kwenye mazoezi. Alipoanza tu, mpiga besi akakunja uso. Akasema gitaa limepanda. Mwanafunzi akasema gitaa liko sawa, besi ndiyo imeshuka. Besi ikakazwa. Wimbo wa pili, mpiga ridhimu naye akaambiwa ameshuka, akakaza. Mpiga kinanda hawezi kukaza chochote, akabonyeza vitufe vyake akapandisha. Bendi nzima ikawa inapanda kumfuata mtu mmoja. Tulipofika wimbo wa nne mwimbaji wetu, mama wa watu mwenye heshima zake, alifungua mdomo ikatoka sauti ya mluzi. Akakaa chini akaomba maji. Mpiga ngoma alicheka mpaka akaangusha fimbo, maana ndiye peke yake ambaye hakuhusika.

Kiongozi hakucheka. Alisema, "Kuna mtu hapa ama masikio yamechoka ama mkono umechoka, tujue moja." Alimtazama mwanafunzi.

Kwa hiyo nauliza, nyuzi gani hizi zisizokaa kwenye sauti? Huko mjini mnatuuzia nini?

Umri wa mwanafunzi ni wa kati. Vidole ni viwili vya mwisho.

Mjomba wako.


30 Machi

Shikamoo Mjomba,

Pole na mafua, nyote wawili. Mama alicheka hiyo habari ya mluzi mpaka akasahau goti, akainuka mwenyewe kwenda kuchukua leso. Huku mvua zimeanza. Mbao za gitaa huvimba kidogo majira haya, kwa hiyo foleni ya wateja imefika mlangoni.

Nyuzi si mbovu. Aya hii mpe mwanafunzi aisome mwenyewe:

Ndugu mwanafunzi, tatizo ni kwamba unakaba. Uzi mnene unavumilia mkono mzito, kwa sababu wenyewe ni mgumu. Uzi wa tisa ukiubana kwa nguvu za kumi na mbili, unauvuta, na sauti inapanda. Ukiupiga wazi, bila kubana, uko sawa. Ndiyo maana ukijipima peke yako unajiona huna kosa. Fanya hivi: weka kidole juu ya uzi bila kubana kabisa, upige. Utasikia "tap" tu. Ongeza nguvu kidogo, upige tena. Endelea kuongeza kidogo kidogo mpaka sauti itoke safi, na hapo hapo ukome. Utashangaa ni nguvu ndogo kiasi gani. Zinazozidi hapo zilikuwa zinaumiza uzi, na wewe pia.

Mwisho wa aya ya mwanafunzi.

Mjomba, vidole viwili vya mwisho, bila ncha kuuma, hilo si jambo la nyuzi. Muulize kama anaamka asubuhi vimekufa ganzi. Muulize kama vitu vinamponyoka. Kama ni hivyo, apelekwe hospitali kabla ya Juni na si baada yake. Mficha maradhi kilio humfichua, hayo ulinifundisha wewe nilipoficha jino bovu.

Nasubiri jibu.

Mpwa wako.


12 Mei

Mpwa wetu,

Salamu. Huu ni mwandiko wa mkazamjomba wako, lakini maneno ni ya mjomba, yeye anasema mimi naandika, kwa sababu anadai miwani yake haionekani ilipo. Iko kichwani kwake. Anasema nisiandike hilo.

Anasema hivi: Tumepata barua yako siku nyingi. Asante. Mwanafunzi ameacha gitaa. Ameona halimfai, ana mambo mengine. Nyuzi zilizobaki utarudishiwa. Onyesho la Juni linaendelea vizuri. Msalimie dada. Kila la heri.

Anasema hayo tu.

Mpwa, sasa naandika yangu, mwenyewe ameingia kuoga.

Hakuna mwanafunzi. Tangu mwaka jana hakuna aliyevuka kizingiti hiki na gitaa isipokuwa yeye. Asubuhi vile vidole viwili havimtii. Anavikanda chini ya meza akidhani sioni. Wiki mbili zilizopita kikombe kilimponyoka, akasema kina mafuta. Kikombe nilikiosha mimi. Barua yako ya Machi aliisoma, akakaa hapa chumba cha kushonea mchana kutwa akifanya ile "tap, tap" yako, na mimi nikapunguza mwendo wa mashine nisimzibie. Siku ya tatu sauti ikaanza kutoka safi. Aliniangalia akasema, "Mke wangu, miaka yote hii nimekuwa nikilikaba koo." Nikadhani tumevuka.

Kisha kiongozi wa bendi akaja. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akasema kwa adabu kwamba wamempata mpiga solo mwingine wa kukaa pembeni, ikitokea dharura. Toka siku hiyo mjomba wako hajagusa gitaa wala kalamu. Nikimtajia hospitali anasema wakimwambia basi, itakuwa basi. Anaogopa, mwanangu. Sijawahi kumwona akiogopa kitu.

Jambo moja zaidi, nimekaa nalo miaka mingi. Mimi ni fundi wa kushona. Kitambaa laini ukikishona kwa uzi mnene kinachanika penye mshono. Nilimwambia hivyo siku ile aliyokata nyuzi zako, akasema mambo ya cherehani hayahusu muziki. Jina lile sikulipenda. Ndani ya nyumba hii cherehani si tusi.

Maji yameacha kumwagika bafuni. Naifunga bahasha.


18 Mei

Shikamoo Mjomba,

Mama hajambo. Mimi sijambo. Leo salamu zitatosha hapo.

Nilijua tangu barua ya kwanza. Hakuna mwanafunzi anayeanzia namba kumi na mbili, na hakuna mwalimu anayeharakishia mwanafunzi nyuzi kwa sababu ya onyesho lake mwenyewe. Nilinyamaza kwa sababu kupitia kwa mwanafunzi tulikuwa tunaongea vizuri, mimi na wewe, vizuri kuliko miaka yote. Sikutaka kumfukuza.

Lakini umemfukuza wewe, kwa hiyo acha niseme.

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Vidole vyangu vitatu vilikuwa na plasta, na wewe ulisema plasta ni beji. Yule mpiga gitaa mgeni aliyepita kwenye bendi alinionea huruma akanipa seti ya namba tisa. Nilizifunga mwenyewe, mara yangu ya kwanza kufunga nyuzi bila msaada, ilinichukua alasiri nzima. Niliwahi kwenye chumba cha mazoezi nikakaa juu ya kreti la soda nikusubiri uone. Uliona. Ulichukua lile koleo lako lenye mpini mwekundu ukazikata mmoja mmoja. Nilihesabu, sita. Ukasema, "Hizi za kushonea vifungo. Bendi hii haina cherehani." Wote wakacheka, mpiga ngoma kuliko wote. Kabla sijafika nyumbani jina lilikuwa limeshafika.

Mwezi uliofuata niliacha kupiga. Ulimwambia Mama ni umri tu, nitarudi. Sikurudi, Mjomba. Nina miaka thelathini na mbili, magitaa yanapita mikononi mwangu kila siku, na nayajaribu uzi mmoja mmoja tu. Wateja wakisema tupigie kidogo, nasema mimi ni fundi. Ulizoea kusema mchelea mwana kulia hulia yeye. Mimi nililia, na wewe hukupata mpiga gitaa.

Niliumia. Nimekuwa nikisoma jina hilo juu ya kila barua yako na kuendelea kusoma, kwa sababu nakupenda na kwa sababu nilijua hulitaji kwa ubaya. Lakini linauma hata hivyo.

Sitaki unijibu hilo sasa. Nataka mawili. Usiniite tena Cherehani. Na uende hospitali. Ukiambiwa basi, utaniandikia, nitalia na wewe. Lakini mimi nimetengeneza shingo nyingi zilizosemekana zimekwisha, na nyingi zilikuwa zimebanwa tu.

Mpwa wako.


2 Juni

Mpwa wangu,

Nimeandika "Mpwa wangu" nikasimama hapo muda mrefu, maana mkono ulitaka kuendelea kwa mazoea. Nimeukataza. Barua hii naandika mwenyewe, na kama mistari inapanda na kushuka, si kalamu.

Tuko salama. Nimekwenda hospitali. Mkazamjomba wako alifunga mashine mchana wa kazi, akavaa viatu, akakaa mlangoni. Ningefanyaje? Tukaenda.

Daktari ni binti mdogo, nina mikanda ya gitaa inayomzidi umri. Alinigonga kiwiko, nikaruka. Anasema mshipa wa fahamu unaopita hapo kiwikoni umebanwa, ndio unaolisha vile vidole viwili. Akaniuliza nalalaje. Nalala nimekunja mkono chini ya kichwa, nimelala hivyo tangu utoto. Akaniuliza napigaje gitaa. Nikamwonyesha kwenye mkono wake, akasema "Aa!" Amenipa kitu cha kuvaa nikilala, kinanyoosha mkono. Hakusema basi. Amesema vinaweza kurudi, pengine si vyote, pengine si upesi, na kwamba nisikabe. Nikamwambia nimehamia nyuzi nyembamba. Akasema nani kakushauri vizuri hivyo? Nikasema nina fundi wangu.

Nimemwendea kiongozi nikamweleza kila kitu. Amesema nafasi yangu iko pale pale nikiiweza, na yule mwingine atakaa pembeni kweli, si kwa adabu tu. Nafanya "tap, tap" kila siku.

Yale mengine nimeyasoma. Nimeyasoma mara nyingi kuliko barua yoyote. Bado sina maneno yake. Nipe muda.

Mjomba wako.


9 Juni

Shikamoo Mjomba,

Muda unao.

Mama alipoisoma aliinamisha kichwa akalia kidogo, kisha akasema huyo daktari aolewe kwenye ukoo wetu. Nimefurahi sana, Mjomba. Nimetembea na barua yako mfukoni tangu ilipofika.

Kwa onyesho: funga nyuzi mpya siku mbili kabla, si siku yenyewe, zipate kutulia. Zivute kwa mkono kila ukimaliza kutyuni. Sauti itakuwa nyembamba kuliko uliyoizoea, kwa hiyo ongeza besi kidogo kwenye amplifaya, usiongeze nguvu mkononi. Beba uzi wa akiba, ule mwembamba kabisa, ndio hukatika. Nimekuwekea tatu.

Sitakuja. Kazi ni nyingi. Si kweli kwamba kazi ni nyingi. Ila bado siwezi kukaa ukumbi mmoja na kicheko cha mpiga ngoma.

Mpwa wako.


30 Juni

Mpwa wangu,

Salamu kutoka kwetu, tu wazima, paa linavuja. Yaliyobaki ya nyumbani atakuandikia mkazamjomba wako, mimi nina haraka ya kukueleza.

Ukumbi ulijaa. Nilisimama mahali pangu, yule mpiga solo mwingine pembeni kwenye kiti, kijana mpole, amenishikia maji. Tukafungua kwa wimbo wetu. Pale mwanzoni kidole cha mwisho kilichelewa mara mbili. Mara ya tatu nikakiacha, nikatumia cha tatu, nikapita njia nyingine ambayo sijawahi kuipita. Sikukaba. Mpwa wangu, uzi ulikuwa unaniitika kabla sijauita. Mpiga besi alinitazama akatikisa kichwa, na safari hii hakukunja uso.

Wimbo wa pili nilinogewa nikasahau, mkono ukawa mzito, "pa!" ukakatika ule mwembamba. Nikamaliza na nyuzi tano. Na hapo, wakati nafunga mwingine na watu wanasubiri, mpiga ngoma akainama nyuma yangu akasema, "Mzee, leo una nyuzi gani hizo?" Nilikuwa na koleo mkononi. Lile lile, lenye mpini mwekundu, sijawahi kuwa na lingine. Nikalitazama.

Mimi na maikrofoni hatuna mazoea, unajua. Lakini niliisogelea. Nikasema, "Nyuzi hizi ni namba tisa." Watu wakapiga makofi, nadhani walifikiri ni jina la wimbo. Nikawageukia wenzangu, maana maneno yalikuwa yao. Nikasema, "Mtoto wa dada yangu alikuja kwetu na nyuzi hizi hizi, kazifunga kwa mikono yake, na nilizikata kwa koleo hili mbele yenu. Mlicheka kwa sababu mimi nilicheka. Alikuwa sahihi, na mimi nilikuwa mjinga, na nimempotezea miaka ambayo siwezi kumrudishia." Kiongozi aliinamia saksafoni yake. Mpiga ngoma akasema polepole, bila kucheka, "Basi kumbe Cherehani ni wewe." Nikamwambia, "Ndiyo. Kuanzia leo ni mimi."

Na ndivyo wanavyoniita, mpwa wangu. Kwenye mazoezi, stendi, hata karani wa vifurushi ameshalipata. Mkazamjomba wako anasema ni heshima kubwa na nijitahidi kuistahili. Wewe jina hilo haliko juu yako tena. Rudi kwenye lile ulilopewa na mama yako, nitaliandika juu ya barua inayofuata kama utaniruhusu.

Nisamehe. Nilidhani nakukomaza. Nilikuwa nakubana, kama nilivyokibana kila kitu nilichokipenda.

Ndani ya kifurushi hiki utakuta koleo. Nalitoa hapa nyumbani. Huko karakana litakata waya na mabaki, kazi ya heshima.

Nina ombi, na safari hii halimhusu mwanafunzi. Nitumie seti ya namba tisa, ni zangu mimi. Nawe chukua nyingine kama hiyo, uifunge kwenye gitaa lolote hapo kazini. Wateja wakiondoka, funga mlango, upige wimbo mmoja. Ukivurunda hakuna atakayesikia, na mimi sikio langu moja ni bovu, kwa hiyo hata nikija kukutembelea utakuwa salama. Nitakuja Agosti. Nitakuwa mbele yako kwenye kiti cha wateja, na utanionyesha mahali ninapokosea.

Ni mimi, mjomba wako,

Cherehani.